Njia ya Kurudi

"Asomaye njia ya kwenda, asome na ya kurudi." Mmeisikia leo, mnauliza ilitoka wapi. Basi sogeeni, ilianza hivi.

Huko milimani Upare palikuwa na mwalimu mjane, Namsifu, aliyefundisha mpaka sauti ikakwaruza. Wanafunzi wake walifaulu kuliko wa vijiji vyote jirani. Walifaulu, wakateremka bondeni, wasionekane tena. Mashamba ya tangawizi yakabaki na wazee.

Asubuhi moja Mzee Mrutu aliingia darasani, akamshika mkono binti yake Nakiete, aliyekuwa akiongoza darasa.

"Twende nyumbani."

Namsifu aliwafuata uani. Alikwisha kuwabembeleza wazazi wengi, na maneno ya kusema aliyajua kwa moyo.

"Mzee wangu, elimu ni..."

"Ni nini?" Mrutu alimkatiza, bila hasira, kwa uchovu tu. "Nilikupa kaka yake, Eliamini. Ulimsomesha vizuri, sikatai. Mama yake alipougua, alituma dawa. Mama alipokufa, alituma sanda. Alipokuja mwenyewe, aliniuliza choo kiko wapi, nyumbani alikozaliwa! Mwalimu, nimechoka kuzaa wageni."

Miaka yote Namsifu aliwaambia watoto: someni mtoke kwenye matope haya. Alidhani anawatia moyo. Kumbe matope hayo ndiyo kwao Mrutu.

"Walinitii," alisema kwa sauti ndogo. "Niliwaambia watoke, wakatoka."

"Uliwafundisha njia ya kwenda. Ya kurudi ulimwachia nani?"

Namsifu akasema, "Niachie huyu, baba. Safari hii tumfundishe sote wawili."

Mrutu alimtazama bintiye, kisha akauachia mkono.

Tangu hapo Nakiete alisoma kwa mwalimu mchana, na jioni akasoma kwa baba: majina ya mababu, mipaka ya shamba, namna ya kufungulia mashamba maji ya bwawa.

Naye aliondoka, kama wenzake. Kaka yake hakurudi tena. Lakini mwaka ule macho ya Mrutu yalipoingia giza, Nakiete alipanda mlima na mtoto mgongoni, akaingia jikoni kwa baba yake, akawasha moto kabla hata ya kuketi. Namsifu, mzee sasa, alipouona moshi ule juu ya paa la Mrutu, alikaa kizingitini kwake akalia polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndiyo maana mtoto akiaga kwenda shule, wazee wa huko hawamwambii mengi. Humwambia tu: asomaye njia ya kwenda, asome na ya kurudi.