Mshangama na Marikebu ya Ng'ombe

Hapo zamani, katika nchi ya Bungala, palikuwa na Sultani aitwaye Fumo Ngwali, aliyekuwa akiwauza ng'ombe wazima kwa mfalme wa ng'ambo ya bahari. Naye alikuwa na tamaa: marikebu yake aliijaza ng'ombe hata wakakanyagana kwato, wala hakuacha nafasi ya manyasi. Basi ikawa kila safari wengi hufa njiani, na wanaofika ni mbavu tupu. Mfalme wa ng'ambo akatuma neno kwamba wakija tena vile, hatawapokea.

Sultani akamwita Mshangama, mchungaji fukara ambaye watu walimdhania punguani, akamwambia, "Wewe ndiwe msimamizi wa safari hii, nami nitakuwamo. Chochote cha kuliwa kisipande marikebuni, kisije kikachukua nafasi ya ng'ombe wangu. Na akifa ng'ombe mmoja, kichwa chako ni halali yangu."

Mshangama aliwapenda wale ng'ombe, kila mmoja akimjua kwa jina, na moyo ukamwuma kuliko alivyohofia shingo yake. Akainama, akasema, "Neno la bwana halipunguzwi wala haliongezwi."

Siku ya safari wapishi wa Sultani wakaja gatini na masinia ya pilau, kuku na halua. Mshangama akawaambia wayatue palepale. Wakabisha sana, naye akawajibu kwa upole kuwa amri ni amri. Tanga likatwekwa, wakaenda zao.

Jua lilipofika utosini, Sultani akaagiza chakula. Akaambiwa kimebaki pwani. Akaghadhibika, akamwita Mshangama.

"Amri ile ilikuwa ya ng'ombe, ewe mpumbavu."

"Bwana wangu, ulisema chochote cha kuliwa. Mimi mjinga, nilidhani, kama ng'ombe waweza kuvuka bahari kwa matumbo matupu, Sultani ashindweje?"

Tumbo la Sultani likanguruma, na huko chini ng'ombe nao wakalia, hata mabaharia wakageuza nyuso wasionekane wakicheka. Mwisho akacheka yeye mwenyewe, mpaka kilemba kikalegea, akaamuru marikebu irudi.

Nusu ya ng'ombe wakateremshwa, nafasi yao ikajazwa manyasi. Sultani akasimama gatini na njaa yake, asikubali sinia lipande kabla ya tita la mwisho la manyasi. Ng'ombe wakafika ng'ambo wanono wote. Mshangama akavikwa joho, akapewa pia mtamba wa ng'ombe wa kufuga. Na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita punguani, ila yeye mwenyewe, kila alipokuwa na jambo alitakalo.