Nati za Sefania

Nati ya kwanza haikazwi mpaka ya mwisho ishike.

Maneno hayo mmeyasikia leo kwa mwenyekiti wa kwaya, mlipotaka kukata shauri la safari ilhali wenzenu wa sauti ya nne hawajafika. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza kama yametoka kwenye Biblia au kwenye gereji. Wajukuu zangu, hayakutoka katika kitabu chochote. Yalitoka uani kwa Sefania Mrutu, hapa hapa Kirongwe, na siku yalipozaliwa mimi nilikuwepo, nimeshika kopo la bolti. Nitawaeleza yalivyokuwa.

Enzi hizo nilikuwa nesi wa zahanati yetu. Gari lililopanda huku milimani lilikuwa moja tu, pikapu ya Sefania, rangi ya maziwa, milango minne, na bodi nyuma ya kubebea tangawizi na wagonjwa. Sefania alikuwa dereva mzuri na fundi wa gari lake mwenyewe. Alikuwa pia mtu wa haraka, asiyependa kuelekezwa. Mkewe, Nakiete, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na nusu ya sare za shule za kata hii zilipita mikononi mwake.

Kutoka hapa kwenda kitongoji cha Mghimbi, kule juu, kulikuwa na mahali palipoitwa Ngazi. Hapakuwa na udongo. Palikuwa na mwamba uliokatika vidato kama ngazi kweli, kila kidato kinafika magotini. Mwaka ule, mwezi wa pili, Sefania nami tulikuwa tukishuka pale na mzee mmoja aliyeshikwa na homa kali. Gurudumu likateleza, gari likakalia jiwe kwa ubavu. Ukingo wa chini ya milango ulikunjika kama karatasi, na milango yote miwili ya kushoto ikagoma kufunguka. Upande wa kulia uliegemea ukingo wa mlima, kwa hiyo mzee yule tulimvuta dirishani kama gunia. Alipona, lakini Sefania hakupona upesi. Alirudi nyumbani, akauangalia ule ubavu uliopondeka, akasema, "Ngazi siipandi tena."

Alinyoosha milango kwa nyundo, akaendelea kubeba tangawizi za huku chini tu. Watu wa Mghimbi wakarudia machela.

Mwezi haukuisha, ikaja habari ya Nakijwa. Huyu alikuwa mke wa Elinaja, wa kule Mghimbi. Alikuwa na mimba ya mapacha, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Daktari wa hospitali ya bondeni alikuwa ameagiza afikishwe kwake mapema, kabla uchungu haujaanza. Nilipompima nikaona siku zimekaribia. Nikapanga ashuke Jumatatu. Elinaja akaanza kutafuta wanaume wanane wa kubeba machela, na masika nayo yalikuwa yameshaanza kunyunyiza. Ngazi ikilowa, hata mbuzi huteleza pale.

Nikaenda kwa Sefania kumsihi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Nesi, mimi sikatai kwa roho mbaya. Lakini gari likikalia jiwe tena na milango ikagoma, mama mwenye mimba ya mapacha tutamtolea wapi? Dirishani?"

Nakiete aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Baba Eliakimu," alisema, "yale magari ya kupeleka wageni porini yanapita kwenye mawe kila siku. Mbona milango yao haipondeki?"

"Yale yamefungwa vyuma ubavuni," Sefania alijibu. "Bomba nene, chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Jiwe likija linakutana na bomba, gari linateleza juu yake."

"Na sisi vyuma hivyo hatuvipati?"

Nadhani Sefania alikuwa ameliwaza jambo hilo zamani, ila woga ulikuwa umemkalia. Kesho yake alishuka mjini Same kwa binamu yake aliyekuwa akifungua magari mabovu na kuuza vipuri. Alhamisi jioni akarudi na vyuma viwili vimefungwa magunia, vilivyotolewa kwenye pikapu ya aina ileile iliyopinduka. Kila kimoja kilikuwa bomba refu lenye miguu minne, na kila mguu una matundu mawili ya bolti. Havikuhitaji kuchomelewa. Vilikuwa vya kufungwa kwa bolti kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari.

Ijumaa asubuhi kazi ikaanza uani. Elinaja aliteremka kutoka Mghimbi kusaidia, maana kazi ile ilikuwa ya mkewe. Nami nilifunga zahanati kwa saa moja nije nitazame, saa hiyo ikageuka kuwa siku nzima. Sefania aliinua gari kwa jeki, akaweka magogo ya mkaratusi chini ya chesisi ili lisituangukie, akalitikisa kwa bega kuhakikisha. Akasugua kutu kwa brashi ya waya. Kisha akaingia chini, Elinaja akanyanyua chuma, na kazi hiyo haikuwa mchezo, maana uzito wake ulikaribia ule wa mfuko wa saruji. Mimi nikawapa bolti mojamoja.

Mguu wa mbele uliingia vizuri. Sefania alitia bolti mbili, akakaza nati kwa nguvu zake zote mpaka spana ikalia. "Huyu hatoki mpaka kiama!" alisema, nasi tukafurahi. Mguu wa pili nao ukaingia, kwa kusukumasukuma. Akakaza. Mguu wa tatu ukakataa. Tundu la chuma na tundu la chesisi yalipishana kidogo, kama mwezi unapoanza kupatwa. Akapiga kwa nyundo, bolti ikaingia kwa shida, meno yake yamekwaruzika. Alipofika mguu wa nne, matundu yalikuwa yamepishana upana wa kidole.

Akachukua mtaimbo, akabinya. Elinaja akabinya naye. Chuma hakikusogea hata unywele. Wakabinya mpaka magogo yakaanza kulia, nikawaambia watoke huko chini kabla gari halijawalalia.

Sefania alitoka akiwa mwekundu wa vumbi na hasira. "Chuma hiki kimepinda kwenye ajali," alisema. "Binamu amenipa chuma kilichopinda! Elinaja, niletee drili. Nitatoboa chesisi matundu mapya."

Hata mimi nisiyejua magari nilishtuka. Kutoboa uti wa mgongo wa gari litakalombeba mgonjwa wangu? Lakini nilikuwa nataka gari liwe tayari Jumatatu, kwa hiyo nikafunga mdomo. Jambo hilo hunisuta hadi leo.

Cherehani ikanyamaza barazani. Nakiete alishuka ngazi za nyumba, akachutama kando ya gari, akachungulia muda mrefu.

"Baba Eliakimu, legeza."

"Nilegeze nini?"

"Zile za mbele. Legeza zote ulizokaza."

"Yaani kazi ya asubuhi nzima niivunje?"

"Usiivunje, ilegeze tu. Mimi nikitia mkono wa shati, nikianza kushona upande mmoja moja kwa moja, nikizunguka mpaka mwisho kitambaa kinazidi au kinapungua. Siyo kwamba nguo ni mbovu. Ni mimi niliyeibana mapema. Ndiyo maana napiga bandi kwanza mzunguko wote, nyuzi za kushikiza tu. Zote zikishakubaliana, ndipo nashona."

Sefania alicheka bila furaha. "Mama Eliakimu, hiki ni chuma. Cherehani na chesisi ni wapi na wapi?"

"Mbele kimevutwa unywele mmoja," Nakiete alisema polepole, "nyuma kimekosea kidole kizima. Kitambaa hufanya hivyohivyo. Jaribu, baba. Ukiona nimekosea, drili ipo, haiendi popote."

Yule bwana alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akamtazama Elinaja. Elinaja alikuwa ameishika ile drili mikononi, wala hakumpa. Alisema kwa sauti ndogo, "Kaka, mimi naomba tujaribu. Ni mke wangu atakayepanda humo."

Sefania akatupa mtaimbo chini, akaenda kunawa mikono pipani. Alikaa huko kitambo. Nilidhani amesusa. Kumbe alikuwa anapigana na nafsi yake, na vita hiyo haina wa kukusaidia. Aliporudi alilala chali, akaingia chini ya gari, tukaanza kusikia spana ikigeuza nati, kwa kurudi nyuma safari hii. Mguu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Ile bolti iliyokwaruzika aliitoa kabisa, akatia mpya. Chuma kikashuka kidogo, kikaning'inia kwa ulegevu kama mtu aliyeambiwa apumzike.

"Elinaja, inua nyuma taratibu," tukasikia sauti yake. "Taratibu. Nisukumie kwangu kidogo. Hapo! Shika hapo hapo!"

Kisha akasema, "Nesi, nipe bolti."

Nikampa. Aliitia mguu wa nne kwa vidole vitupu. Haikuhitaji nyundo wala mtaimbo. Akaomba ya pili, nayo ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Mle chini akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka tumbo likagonga chesisi.

"Mama Eliakimu!" aliita. "Njoo uone shati lako!"

Nati zote nane alizizungusha kwa mkono hadi zikashika. Kisha ndipo akachukua spana, akakaza kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo katikati, akarudia tena na tena, kila moja ikipata nguvu sawa na mwenzake. Alisogeza bomba la breki lisibanwe na mguu wa chuma, akalifunga kwa waya mahali pake. Upande wa kulia, tuliodhani ungechukua siku nyingine nzima, ulimalizika kabla ya chai ya alasiri. Nakiete alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, na kila Sefania alipoita "Zimeshika zote!", alijibu kutoka barazani, "Haya, sasa shona!"

Jumatatu asubuhi tulipanda Mghimbi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na Ngazi ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Kupanda hakukuwa na shida kubwa, gari lilikuwa tupu. Kule juu tulimlaza Nakijwa kiti cha nyuma juu ya godoro, mimi nikakaa miguuni pake. Elinaja alipanda bodini. Wale wanaume wanane na machela yao walitangulia kwa miguu, wakajipanga kando ya mwamba, endapo gari lingeshindwa.

Tulishuka kidato cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu, palepale palipotushinda mwezi wa pili, gurudumu la mbele likateleza. Gari likaegemea kushoto, likashuka kwa kishindo. Nakijwa alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nilisikia chuma kikisaga jiwe chini yetu, mlio mrefu wa kukwaruza, nikangojea ule mwingine, wa bati kukunjika.

Haukuja. Gari liliteleza juu ya bomba lake, polepole, kama mtoto anayeshuka mteremko akikalia gome la mgomba, likafika kidato cha chini, magurudumu yote manne yakakanyaga. Sefania alizima injini. Alitoka, akazunguka upande wa kushoto, akashika mpini wa mlango wa nyuma. Ukafunguka kama mlango wa nyumba.

"Mama, u mzima?" alimuuliza Nakijwa.

"Mimi mzima," alijibu. "Twende basi, hawa wanarusha mateke."

Wale wanaume wanane walipiga vigelegele mithili ya wanawake arusini, wakaitupa machela bodini kwa Elinaja, wakalifuata gari mbio mpaka Kirongwe wakiimba. Jumatano Nakijwa alijifungua salama hospitalini, mvulana na msichana. Tulipowarudisha nyumbani, Sefania aliomba awabebe wote wawili kwa pamoja, akapigwa picha amesimama kando ya kile chuma kilichokwaruzwa.

Basi, ilikuwaje habari ya nati ikawa methali? Wiki chache baadaye serikali ya kijiji iliitisha mkutano wa barabara. Watu wa Mghimbi walikuwa bado njiani, maana wao hutembea saa mbili. Mwenyekiti akasema waliopo wanatosha, barabara iishie Kirongwe, shauri lipitishwe, wa juu wataarifiwa. Mikono ikaanza kuinuka.

Sefania akasimama. Alikuwa mtu wa haraka kuliko wote pale, kila mtu alijua, kwa hiyo watu wakanyamaza. Akasema, "Ndugu zangu, nilikaribia kutoboa chesisi yangu kwa sababu ya haraka kama hii. Nati ya kwanza haikazwi mpaka ya mwisho ishike. Tuwangoje."

Watu wakaangua kicheko, maana kisa kilikuwa kimeshaenea. Lakini waliketi, wakangoja. Watu wa Mghimbi walifika jua likiwa utosini, Elinaja mbele yao. Wakasema wanajua njia ya zamani inayozunguka Ngazi kwa nyuma, ina udongo, haina mwamba. Kama sisi tungechimba kutoka chini, wao wangechimba kutoka juu. Hakuna hata mmoja wa huku chini aliyeijua njia hiyo.

Tulikutana katikati baada ya miezi minne, majembe yakagongana, wanawake wa pande zote mbili wakapikiana. Ndiyo barabara hiyo mnayopita na pikipiki zenu leo, mkidhani ilikuwepo tangu dunia kuumbwa.

Nakiete alipoulizwa kama hakuona vibaya mumewe kusifiwa kwa maneno yaliyotoka kwenye bandi yake, alisema yeye alimpa uzi tu, nati aliziona mwenyewe.

Sasa rudini mkawasubiri hao wa sauti ya nne, hata wakichelewa. Nati ya kwanza haikazwi mpaka ya mwisho ishike.