Moto Mmoja, Mbuzi Mmoja

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Pakawa moto!
Basi uchocheeni, niwasimulie.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wahunzi. Vita vikaja. Adui alikaa ng'ambo ya mto, akingoja maji yapungue avuke. Mtemi akamwambia Lutambi, mkuu wa wahunzi, "Nataka mkuki kwa kila mwanamume."

Sasa sikilizeni mila yao: kabla ya kuwasha moto wa kufulia chuma, lazima mbuzi achinjwe. Lutambi akachinja, akawasha, akafua mkuki mmoja, akausugua mpaka ukang'aa. Moto ukazimika, wahunzi wakala nyama. Kesho yake akachinja, akawasha, akafua mmoja. Wakala nyama. Siku ya tatu vilevile. Na siku zote zilizofuata. Mikuki michache, vitambi vikubwa! Mbuzi wakapungua, na maji ya mto yakapungua.

Nyamizi, mchoma makaa, alikuwa na kaka mmoja tu, Mahona. Huyo Mahona alilinda kivuko kwa mchi wa kutwangia wa dada yake. Mchi, jamani! Nyamizi hakuvumilia tena. Akamwendea Lutambi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka yangu anangoja vita na mchi. Mkuki wake lini?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba, isipokuwa yenu."

Lutambi akakasirika. "Amebaki beberu mmoja tu! Bila mbuzi hakuna moto. Hiyo ni mila."

"Mila siivunji. Mbuzi ni wa mkuki, au ni wa moto?"

"Wa moto! Hata mtoto anajua."

"Basi mchinje huyo beberu. Moto huu hauzimiki tena."

Lutambi akamkamata beberu. Akachinja, akawasha. Akafua mkuki, akataka kuusugua. Nyamizi akamwaga makaa motoni: "Adui hatajitazama kwenye mkuki. Fua!" Akafua wa pili, akataka kulala. "Lala, mwenzako apokee nyundo. Fueni!" Wakafua wa tatu, wakataka nyama. "Kuleni kwa zamu. Fueni!" Wazee wakachonga mipini, wanawake wakavukuta upepo motoni. Moto haukuzimika.

Maji yakafika magotini. Adui akaingia mtoni akicheka, kwa kuwa alisikia habari za mchi. Akakuta mikuki, myeusi, yenye alama za nyundo, mbele ya kila kifua. Akasimama katikati ya mto. Akageuka, akaenda zake.

Mahona akarudi nyumbani mzima. Nyamizi akalia kwa furaha. Kaka yake akamkabidhi mchi.

"Twanga, dada. Nina njaa."

Hadithi yangu naifukia majivuni. Mwenye baridi aifukue.