Kigoda cha Aliyehamisha Nyumba

Hapo zamani, enzi ambazo punda alikuwa akiombwa radhi kabla ya kutwikwa mzigo, palikuwa na majimbo mawili yaliyopakana. Moja likiitwa Ghaliani, la pili Nafuu. Ghaliani kila kitu kilikuwa na bei. Maji ya kisima yana bei, kivuli cha ukuta wa mtu kina bei, na ukipita karibu na duka la pilipili ukapiga chafya, mwenye duka anakufuata mbio: "Bwana we, umeonja!"

Huko ndiko alikoishi Mwajabu, mpika mikate ya kumimina, na mumewe Machano, mshona makubadhi, pamoja na mama yake Machano, Bi Mize. Kodi ilipopanda, Machano aliwahamisha mtaa. Ilipopanda tena, akawahamisha tena. Mara tatu walihama, na mara tatu jiko la udongo la Mwajabu lilivunjika njiani. Mwajabu alichoka. Hakutamani dhahabu wala hariri. Alitamani kujenga jiko mahali pamoja na kuzeeka nalo.

Siku moja Machano akarudi kutoka sokoni, jasho linamtoka, habari nazo zinamtoka.

"Mke wangu, tunahama! Mteja kaniambia, huko Nafuu nazi tatu kwa yai moja. Na mgeni anapewa nyumba bure!"

"Hizo nazi umeziona?"

"Nimeambiwa."

"Aliyekuambia kaziona?"

"Na yeye kaambiwa."

"Basi kaa ule, chakula kinapoa."

Bi Mize akapaza sauti kutoka kitandani kwake: "Usiache mbachao kwa msala upitao! Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, nimefiwa hapa. Wallahi, mguu wangu hautoki Ghaliani!"

Tangu siku hiyo Machano hakuwa na hadithi nyingine. Akishona, Nafuu. Akinawa, Nafuu. Akisalimiwa "hujambo", anajibu "Nafuu hawajambo zaidi." Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na Mwajabu bado anapima.

"Ngojangoja yaumiza matumbo," Machano akalalamika.

"Kawia ufike, mume wangu."

Mwaka wa tatu mwenye nyumba akapandisha kodi tena, eti kwa sababu mtaani kwao kumepatikana jogoo mwenye sauti nzuri. Hapo Mwajabu akachukua kikapu chake, akaenda Nafuu mwenyewe kama mgeni wa kupita. Akakaa siku saba. Akauliza bei ya nazi, akauliza ya chumvi, akauliza ya kuni, akauliza ujira wa mkunga, akauliza mpaka bei ya sanda.

Mwenye duka akashtuka. "Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Lakini kufa nako ni matumizi."

Akarudi nyumbani akasema, "Ni kweli. Ila nazi ni mbili kwa yai, si tatu. Huyo mteja wako kaongeza moja ya kwake." Kisha akauza vya kuuzwa, akafunga vya kufungwa, akakodi punda wa mizigo. Machano yeye alikuwa akiaga majirani, na kwa kila jirani akaianza upya hadithi ya Nafuu.

Akabaki Bi Mize na kiapo chake. Mwajabu akafikiri, akafikiri, akamwambia mumewe, "Mama kaapia mguu. Kitanda hakukiapia."

Mchana, Bi Mize alipolala baada ya kula, Machano akashika kitanda upande wa kichwani, Mwajabu akashika wa miguuni, wakatoka. Bibi akaamka wamekwisha pita nyumba ya mwisho.

"Mnanipeleka wapi?"

"Nafuu, Mama," Mwajabu akajibu.

"Mimi si niliapa?"

"Na kiapo ni kizima, Mama. Mguu uko kitandani."

Bi Mize akakigeuza kiapo chake huku na huku, asione tundu. Basi akaanza kulalamika. Akalilalamikia jua, akalilalamikia vumbi, akamlalamikia mwanawe kwamba anatembea kama anayekanyaga mayai. Siku mbili nzima, bila kupumzika.

Walipofika mpakani, bawabu akawasimamisha. Nafuu walikuwa na mila yao. Anayepita kutembea hupita tu, lakini wanaohamia hawaingii bila mzee wao, na mzee lazima aseme kwa kinywa chake kwamba amekuja kwa hiari. Watu wa Nafuu walisema, anayemburuta mamaye leo, kesho ataliburuta jimbo. Mwajabu alikuwa ameuliza mpaka bei ya sanda, na hili hakuliuliza.

"Shikamoo, Bibi," bawabu akasema.

"Marahaba."

"Umekuja kwa hiari yako, au umebebwa?"

Bi Mize akamtazama mwanawe. Akamtazama mkwewe. Akajilaza vizuri, maana hajapata raha kama hiyo tangu waanze safari.

"Kwanza niambie, mchele wenu bei gani?"

Bawabu akamtajia.

"Hiyo kwa kibaba?"

"Kwa pishi nzima, Bibi."

Bi Mize akaketi wima. "Shusheni kitanda." Akateremka, akajifunga kanga yake sawasawa. "Nimekuja kwa hiari yangu. Hawa wawili nimewaomba wanisindikize."

Wakaingia, wakapewa nyumba, na ndani ya nyumba kigoda kimoja. Jumbe wa mji akawaambia, "Kigoda hiki ni cha aliyeihamisha nyumba yenu kuja huku. Atakayekikalia ndiye mwenye neno la mwisho, mkae au muondoke. Watu wawili hawakikalii. Nani wenu?"

Machano akasema, "Ni mimi! Mimi ndiye niliyeleta habari. Nisingesema, mke wangu angepima nini? Miaka mitatu nimesema, wenzangu wamekaa. Tena, Jumbe, nimesikia mbele huko kuna jimbo la Bwerere, nazi unaombwa uzichukue! Nikikikalia, wiki ijayo tunaondoka."

Mwajabu akasema, "Ni mimi. Maneno matupu hayavunji mfupa. Mimi ndiye niliyekwenda, nikaona, nikauza, nikafunga, nikapata njia ya kiapo. Nikikikalia, tunakaa hapahapa." Na machozi yakamtoka, akasema mbele ya watu, "Nimechoka kuhama, Jumbe. Nimechoka."

Bi Mize akasema, "Ni mimi. Hawa walifika mlangoni, mlango nimeufungua mimi kwa ulimi wangu. Ningesema 'nimebebwa', wangekuwa njiani wanarudi. Nikikikalia, tutakula mchele huu mpaka tunenepe, kisha tunarudi Ghaliani. Nataka kuzikwa kwetu, hata kama sanda ya kule ni ghali."

Jumbe akamsikiliza Machano, akasema, "Una haki." Akamsikiliza Mwajabu, "Una haki." Akamsikiliza Bi Mize, "Wewe nawe una haki." Kisha akachukua fimbo yake. "Kesho asubuhi nataka jina moja," akasema, akaenda zake.

Mpaka sasa wamekizunguka kigoda watatu hao, wamesimama, hakuna anayethubutu hata kukiegemea.

Enyi mliokuwa mkicheka, kazi sasa ni yenu, na asubuhi haiko mbali. Msiniambie yupi mnamhurumia, niambieni yupi mwenye haki. Aliyeileta habari, aliyekwenda kuipima, au aliyeufungua mlango? Je, nani akae, na wawili gani wamfuate?