Neno "Limepokelewa"

Hebu mfikirieni binti mmoja aliyeajiriwa na hospitali kuandika programu za kompyuta. Elimu alikuwa nayo, na hofu pia: hofu ya kukemewa, hofu ya kuonekana mzembe. Wodi ya wazazi ilikuwa upande mmoja wa kiwanja, benki ya damu upande wa pili, na simu za kati ya pande hizo zilikuwa ugomvi kila siku. Akaagizwa atengeneze njia ambayo mkunga akihitaji damu abonyeze tu, na ombi lifike.

Akatumia seva ya foleni. Neno hilo lisiwatishe. Ni kompyuta inayopokea maombi, kuyapanga, na kumkabidhi kila ombi yule anayehusika. Nayo ina uaminifu wake: haifuti ombi mpaka aliyekabidhiwa ajibu, "Nimepokea." Asipojibu, hata kama amezimika katikati ya kazi, seva hulirudisha ombi kwenye foleni na kulitoa tena. Je, si mtumishi mwema huyo?

Ili kuzungumza na seva hiyo, binti hakuanza kuandika kila kitu upya. Alichukua kile ambacho mafundi wenzake hukiita maktaba, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine kwa kazi hiyo, akaiweka kwenye kompyuta ya benki ya damu. Maktaba ikampa uchaguzi. "Nimepokea" isemwe lini? Mara tu ombi linapoingia kwenye kompyuta, au baada ya kuchapwa na kufika mkononi mwa mtaalamu wa maabara? Akajaribu hiyo ya pili. Printa ilikuwa nzito, maombi yakajipanga, na mkuu wake akasimama nyuma ya kiti akiuliza kama hii ndiyo kasi waliyoahidiwa. Akahamia ya kwanza. Foleni ikawa tupu, na kwenye skrini ya wodini neno "Limepokelewa" likawa linatokea kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe.

Mwenzake wa ofisini akamwuliza, "Dada, mbona unajibu umepokea, na hata kuchapa bado?"

"Nitarekebisha," akasema. "Kwanza waone inafanya kazi."

Hakuwa na nia mbaya. Kila asubuhi alilikumbuka, na kila asubuhi akaona aibu kufumua kitu kilichokwisha kusifiwa.

Mchana mmoja umeme wa benki ya damu ukakatika, kufumba na kufumbua ukarudi. Kompyuta ikazimika, ikawaka. Kulikuwa na ombi lililokwisha kuingia na kujibiwa, likingoja printa tu. Likapotea. Seva haikulitoa tena, maana ilishaambiwa limepokelewa.

Wodini, mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Mumewe, mlangoni, akauliza kama haingefaa akimbie mwenyewe kuifuata. Mkunga akatazama skrini.

"Tulia, baba. Wameshapokea, wanaleta."

Akatulia. Mkunga alikuwa na simu mfukoni, lakini apige ya nini? Alipokuja kupiga, mtaalamu wa maabara alishangaa. Damu ya kundi la mama yule ilikuwepo, iko kwenye jokofu, wala hakuna aliyeiomba. Akaja nayo mbio. Alimkuta yule mama ameshafunikwa shuka hadi usoni.

Kikao kilipoitwa, binti alieleza kila hatua, hakuficha kitu. Akasema programu haikuharibika. Ilifanya kama ilivyoagizwa, na aliyeiagiza ni yeye. Yule mume, kitoto kikiwa kifuani, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Mngenyamaza tu, mwanangu. Ile skrini ingekaa kimya, ningekimbia mwenyewe. Nani aliwatuma mnijibu?"



Mnamhukumu? Tujitazame sisi kwanza. Jirani anatuambia nyumbani kwake hawajala, tunamjibu, "Tumesikia, tutapita." Mgonjwa anatuomba tumfikishe kliniki, tunasema, "Tuko pamoja." Nasi tunalihesabu neno hilo kuwa upendo, au walau nusu ya upendo. Sivyo, wapendwa. Aliyeambiwa "nimepokea" hamwombi mwingine. Anakaa, anatazama mlango. Ukimya wetu ungemwacha aende kubisha kwingine. Jibu letu ndilo lililomfunga pale kitandani. Pengine Mungu alikuwa na mtu mwingine tayari wa kumkabidhi ombi lile, na sisi tukalishika kwa midomo, mikono ikiwa mfukoni.

Yupo mtu ambaye hayumo humu leo, na unamjua, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia utakwenda. Ibada ikiisha usikae kwenye chai. Nenda. Kama huwezi, basi nenda umwambie huwezi, akiwa angali na nguvu ya kumwomba mwingine.

Na leo, tafadhali, msiniitikie amina. Inukeni tu.