Vyungu vya Ukasha

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemen palikuwa na mtaa wa wafinyanzi. Ee, zama zile! Kila aliyefungua tanuri alitoa chungu kimoja kizima, akakiweka kwa Bibi Atika, mjane mcha Mungu aliyekuwa mfinyanzi kama wao, kwa nia ya sadaka. Mwenzao akiharibikiwa na tanuri, vyungu vile vyote vilikuwa vyake, auze, ajenge upya.

Ukasha peke yake alikataa miaka mingi. "Mimi Mola wangu ananitosha," alisema, na watu wakamheshimu kwa tawakuli yake. Lakini moyoni alijua kilichomzuia: hakuwaamini wenzake. Atoe chungu kizuri, kesho kimfaidi nani? Mwishowe aliingia kwa kuona haya tu, maana mtaa mzima ulikuwa umeshaingia. Akawa anatoa vyungu vyenye ufa, vile ambavyo ukivigonga havilii.

Mwaka mmoja mvua zikaliangusha tanuri lake na vyote vilivyokuwamo. Ana watoto sita, na hana hata chungu kimoja cha kuuza. Asubuhi wenzake wakamletea vyungu hamsini. Akavipokea, akavigonga kimoja kimoja, akingoja kukutana na vyake. Vyote vililia vizuri.

Akamwendea Bibi Atika. "Mama, vyangu viko wapi?"

"Vipo uani, kuku wangu wanatagia," akajibu yule bibi. "Kila ulipoleta chako, niliweka changu kizima mahali pake."

"Mbona hukunirudishia?"

"Ningekurudishia ungetoka, mwanangu. Nikamwomba Mola akubakishe nasi mpaka utuamini."

Ukasha akalia mbele yake bila kujificha. Ijumaa ile, baada ya swala, alisimama akawaeleza watu yote aliyoyafanya, akawaomba wachukue vyungu vyao. Hakuna aliyeondoka na kimoja. Tangu hapo, kila alipofungua tanuri alivigonga vyungu vyote, na kilicholia vizuri kuliko vyote ndicho alichompelekea Bibi Atika.

Wallahi nautamani mtaa ule. Leo tukiitwa kwenye takafuli, bima ya Kiislamu ya kuchangiana, wengi wetu hujibu kwamba tumemtegemea Mwenyezi Mungu. Na iwe hivyo, inshallah. Lakini kabla hatujajibu, tujiulize kama jirani yetu tunamwamini.