Kufagia Palipofagiwa

Udongo uwahi ungali maji. Watu wengi huitaja methali hii wakimnyooshea mtoto kidole, kana kwamba udongo ndio unaoonywa. Lakini anayeambiwa awahi ni mfinyanzi. Udongo ukiwa laini hukubali kila umbo. Ukiachwa hukauka, wala hauna wa kumlaumu. Vivyo hivyo, mtoto hufunzwa angali mdogo, wakati moyo wake wenyewe unapenda kufunzwa. Mama mmoja aliijua methali hii kwa ghibu, akaitaja karibu kila siku, na bado akachelewa.

Mama huyo alikuwa msimamizi wa usafi katika nyumba ya wageni. Wenzake walimbandika jina la Mama Kona, kwa jinsi alivyozikunja pembe za shuka zikakaa kama zimepigwa pasi juu ya godoro. Alikuwa na desturi ya kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi, na ole wake mhudumu ambaye chumba chake kingekitia kidole hicho weusi. Kazini walimwogopa na kumheshimu. Tatizo ni kwamba jioni alirudi nyumbani na kidole kile kile.

Kifungua mimba wake alikuwa mvulana. Alipokuwa mdogo wa kufika kiunoni mwa mamaye, alimganda kama kupe. Mama akishika ufagio, naye anataka ufagio. Mama akiosha vyombo, naye ameshapandisha mikono ya shati. Siku moja alifagia sebule nzima peke yake, ulimi ukiwa nje kwa bidii. Takataka nyingine alizisukumia chini ya kochi, lakini katikati palikuwa safi, naye akaenda kumvuta mama mkono aje aone. Mama alitazama, akatabasamu, akampa hongera. Kisha akachukua ufagio, akafagia upya kuanzia mlangoni.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, na vumbi la chini ya kochi lilimwasha macho. Mtoto alisimama pembeni akitazama mpaka mama akamaliza. Tangu hapo mambo yakawa ni hayo kwa hayo: akiosha kikombe, kinaoshwa tena, akikunja nguo, zinakunjuliwa. Siku za haraka aliambiwa tu atoke hapo asimcheleweshe mtu. Baba watoto, dereva wa lori la masafa marefu, aliwahi kumsihi mkewe amwache mtoto akosee kidogo. Mama Kona alimjibu kwamba nyumba si darasa, na kwamba mtoto ataanza kazi akishapata akili zake.

Akili zikafika, na ndevu nazo zikaanza kuchungulia. Sasa mama alikuwa na mtoto wa pili, binti wa chekechea ambaye walimwita Sisimizi kwa kuwa hakukaa chini hata dakika, na kazi za nyumbani zilikuwa zimemzidi. Akaona huu ndio wakati wa mwanawe kumpokea mzigo. Alipomwita, kijana aliitika, "Nakuja," na hiyo nakuja yake haikufika kamwe. Sahani aliiacha pale pale alipokula. Mama akampa jina la Bosi, kwa kejeli, lakini ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Kazini alilalamika kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na uvivu tumboni. Methali ya udongo aliitaja hapo hapo, akimaanisha watoto wa watu wengine.

Ndipo mgongo ulipomkamata akiinua godoro kazini. Daktari hakumung'unya maneno: kwa miezi kadhaa asiiname wala asinyanyue kitu kizito, na akikaidi, huenda asisimame wima tena maisha yake yote. Baba hangeweza kuacha safari, kwani ndizo zilizowalisha. Nyumba ikabaki mikononi mwa Bosi.

Kijana alikubali kwa moyo mmoja. Uso wa mamaye uliojaa maumivu ulimtisha. Lakini kukubali ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Wali aliopika uliungua chini na juu ukabaki na kiini, haujaiva. Akapiga deki kwa maji mengi hata viatu vikaanza kuelea. Mama Kona, akiwa kitandani, hakuweza kujizuia. Alimwelekeza kwa sauti kupitia mlango ulio wazi: akamue tambara kwanza, arudi nyuma, pembeni hajafika, siyo hivyo, siyo hivyo. Bosi akalitupa tambara ndani ya ndoo, akatoka nje.

Asubuhi iliyofuata ndani hamkuwa na tone la maji. Sisimizi alitakiwa kuoga aende shule. Mama aliita mara ya kwanza, akaita tena, chumba cha kijana kikawa kimya. Akapiga moyo konde, akaenda bombani uani akishika ukuta, akajaza ndoo, akainama kuinyanyua.

Kilio cha Sisimizi ndicho kilichomtoa Bosi kitandani. Alimkuta mama amelala chali kwenye maji, macho yameganda juu, midomo inatetemeka. Jirani alimsaidia kumbeba hadi kwenye gari lake, wakamkimbiza hospitali.

Daktari alisema safari hii mama amenusurika, na kwamba asitarajie bahati hiyo tena. Waliporudi, Bosi alimwegemeza mama kwenye mito, akasimama mlangoni asijue pa kuweka mikono. Mama alimtazama kwa uchungu.

"Hivi mwanangu, nilikukosea nini mimi?"

Aliliuliza swali hilo kama watu wanavyoliuliza, bila kutarajia jibu. Kijana akalijibu.

"Mama, mimi nilikuwa nafagia. Hukumbuki? Kila nikifagia, ulifagia tena. Nikaona kumbe kazi yangu si kazi, nikaacha."

"Ulikuwa mdogo, baba. Hata chini ya kochi ulikuwa hufiki."

"Ndiyo, nilikuwa sifiki. Lakini nilikuwa nataka. Sasa hivi nafika kote, Mama, ila sitaki. Najilazimisha tu kwa ajili yako."

Mama Kona aligeuza uso ukutani akalia, na maumivu ya mgongo akayasahau kwa muda. Alimwona tena yule mtoto aliyesimama pembeni, akitazama kazi yake ikifutwa na mtu aliyempenda kuliko wote.

Hakukuwa na njia ya mkato. Bosi alianza kufunzwa akiwa mtu mzima nusu, na kufunzwa huko kulikuwa kama kuvaa kiatu cha ngozi kilicholowa kikakauka: kinaingia, lakini kinaumiza. Kuna siku walikwaruzana hata chakula kikalala. Pamoja na hayo, wali ukaanza kuiva, ndoo za maji zikaletwa ndani, mama akapumzika. Kijana hakupata kuzipenda kazi hizo, na wala hakujifanya anazipenda.

Sisimizi hakusubiri kuitwa. Jumamosi moja alipanda kwenye kigoda, akaosha vikombe vyote huku akiimba, akavipanga juu ya meza vikichuruzika. Mama, aliyekuwa ameanza kukaa jikoni kwenye kiti chenye mto, aliona kikombe kimoja kikiwa bado na povu pembeni na alama ya chai chini. Mkono wake ukanyooka wenyewe kukichukua akisuuze.

Bosi alikuwa kando yake, akifuta jiko. Akamshika kifundo cha mkono, polepole.

"Mama, acha. Ameshaosha."

Mama akainua macho. Juu ya kigoda, mtoto alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa ameukazia macho ule mkono, akisubiri kuona utafanya nini.

Mama Kona akaurudisha mkono mapajani. Akamwomba Bosi amtilie chai katika kikombe kile kile. Akainywa yote, na ladha yake ya sabuni, akasema, "Ahsante, mwanangu. Kesho utanioshea tena?"

"Hata sasa hivi," alijibu Sisimizi, akaingiza mikono majini kabla hajamaliza kusema.

Bosi alirudi kwenye jiko lake, akilisugua kwa mkono mzito usiozoea. Mama alimtazama mmoja, akamtazama na mwingine, na kwa mara ya kwanza akajua methali aliyokuwa akiwasomea wengine ilikuwa ikimwita yeye: udongo uwahi ungali maji.